Mfuko Ndani ya Jaketi

Bunia, tarehe 4 Mei 2024

Semeki wangu Michée,

Salamu kutoka nyumba ya marehemu kaka yako. Watu wote ni wazima, mbuzi mmoja anakohoa. Tangu mnara wa rezo wa Bogoro uzimike nimechoka kukupigia simu na kujibiwa na yule mwanamke wa Kifaransa kwamba hupatikani. Basi nimerudia kalamu. Barua anakuletea Fiacre wa moto, mwenye pikipiki. Mpe maji ya kunywa, usimpe kinywaji kingine, bado ana njia ya kurudi.

Ndani ya kifurushi utakuta GPS mbili. Ndugu wa kanisa walioko Ubelgiji wamekubali kununulia vikosi vyetu vyote vya kutafuta waliopotea: cha hapa Bunia, cha kwenu, cha Nizi na cha Epulu. Lakini watanunua aina moja tu, na wanataka jibu kabla mwezi wa sita haujaisha. Hizi mbili ni za kujaribu. Nyeusi ina antene nene, kioo cha kugusa kwa kidole, na redio ndani yake, hivyo wenye mashini hizo wanaweza kuitana porini. Ya manjano ina vibonyezo tu, na inakula pile mbili za kawaida, betri zile zinazouzwa kila kibanda.

Nimekuchagua wewe kwa kuwa ulitembea msituni Epulu na walinzi wa okapi miaka yote ile, na mashini za namna hii unazijua. Mimi nilikuwa karani wa shule. Najua kutafuta miwani yangu, na hata hiyo mara nyingi iko kichwani.

Kuna jambo jingine, nalisema wazi. Chris amejiandikisha kwenye kikosi. Mwezi wa nane anakuja kwako Bogoro kuanza kazi. Unajua kaka yako alitoka kumtafuta jirani akiwa mikono mitupu, hatukumwona tena. Mashini tutakayochagua ndiyo atakayobeba mwanangu wa pekee. Sina haja ya mashini nzuri, nataka ile itakayomrudisha nyumbani.

Nimekutumia na jaketi. Ndani yake, chini ya kwapa la kushoto, nimeshona mfuko wa siri. Mtu hawezi kuuona hata akikukumbatia. Unajua kwetu hapa kitu kizuri kikionekana barabarani kimeshapata mwenyewe mwingine. Sisi tuliokimbia Djugu tulivusha hata Biblia ndani ya unga. Basi mashini ifiche humo. Mfuko nimeushonea uzi mara mbili, kwa upendo na kwa matusi kidogo, maana tundu la sindano silioni tena.

Ni mimi,
Mama Chris, Anastasie


Bogoro, tarehe 13 Mei 2024

Mama Chris, mkubwa wangu,

Fiacre alifika, alikunywa maji, aliomba kinywaji kingine, nilimnyima. Aksanti ya jaketi. Naivaa hata jua likiwa kali, na majirani wanadhani nina malaria.

Nimezitembeza mashini zote mbili vilimani na mabondeni. Nyeusi inakamata satelaiti upesi, hata chini ya miti. Ya manjano inachukua muda wake, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Ila mvua ikinyesha, kioo cha nyeusi hakisikii kidole kilicholoa. Ya manjano unaibonyeza hata kama umetoka kumega bugali.

Sasa sikia habari njema. Mzee Zacharie alipotea. Humjui. Ni mzee wa hapa, mfugaji wa zamani. Ng'ombe wake walichukuliwa wakati wa vita na akili yake ikawafuata. Asubuhi moja alichukua fimbo akaenda kuwatafuta kwenye miteremko ya kuelekea ziwani. Binti yake Valérie, anayeuza mandazi karibu na barrière ya wenye bunduki kwenye njia ya ziwa, alikuja kwangu analia. Nikaitoa nyeusi: imezimika. Mvua ilikuwa imeziba jua, na nyumba ya kuchajia ilikuwa haina umeme. Nikakimbia kibandani kununua pile za ile ya manjano.

Tuligawanya kilima, nikawa naweka alama kwenye mashini kila tulipokwisha pita ili tusirudie. Tulimkuta ndani ya korongo, mguu umevunjika, anawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Nikaweka alama ya mwisho, nikampa Débora wa kikosi chetu mashini ile awalete watu wa machela. Ukungu ulikuwa mzito, lakini walikuja moja kwa moja. Valérie aliishika mashini kwa mikono miwili, akaniambia: "Papa Michée, hii kitu ya jaune Mungu aibariki. Weye pia."

Hata hivyo, ukiniuliza kama mtu wa kazi, nyeusi ni bora. Kama Chris akianguka korongoni, afadhali awe na redio. Waombe na paneli ya jua. Chagua nyeusi.

Shemeji yako,
Michée


Bunia, tarehe 18 Mei 2024

Semeki,

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya kikosi kizima, na pale pa mzee anayewaita ng'ombe wake Maman Élise alishindwa kujizuia, nami nikamfuata. Tulilia halafu tukaimba. Ubarikiwe. Ingekuwa mtu alimpata kaka yako namna hiyo, hata kama mguu umevunjika, hata kama akili imepotea, ningemshika miguu mtu huyo mpaka leo.

Basi imekwisha: tunachukua nyeusi. Paneli nitaomba, wakininyima nitaomba tena.

Nami kazi yangu nimeianza. Nashona mifuko ya siri kwa jaketi za watu wote watakaobeba. Nimeiboresha, sasa ina kifuniko ili antene isichome ubavu. Chris alivaa ya kwake akazunguka sebuleni, nikampapasa nje nisisikie kitu. Nilifurahi hadi nikaunguza sufuria ya sombe.

Nakuomba jambo moja la mwisho kabla sijaandika Ubelgiji. Tia nyeusi kwenye jaketi, teremka nayo barabara ya ziwa, upite ile barrière hadi huko chini kwenye mawe, uone kama inashika hata pale. Huko ndiko Chris atakuwa anazunguka.

Mama Chris


Bogoro, tarehe 3 Juni 2024

Mama Chris,

Nisamehe nimekawia. Mwandiko huu ni wangu, usishtuke, mikono imechoka na jembe.

Nimefikiri upya. Usichukue nyeusi, chukua ya manjano. Nyeusi ni nzito. Halafu rangi nyeusi inavuta jua, inachemka. Halafu ile redio itawafanya vijana wapige soga porini badala ya kutafuta. Hizi ndizo sababu.

Na mifuko, tafadhali usishone tena. Wangu unanikwaruza kwapani.

Ya manjano naituma kwa Fiacre ili muizoee. Nyeusi nitaileta mwenyewe siku nikija.

Salamu kwa Chris. Mwambie baba yake mdogo anamkumbuka sana.

Michée


Bunia, tarehe 7 Juni 2024

Michée,

Leo sikuiti semeki. Nani amekunywesha pombe ya kasiksi asubuhi?

Nzito! Wewe uliyebeba machela ya watu Epulu siku nzima, leo kifaa cha kukaa kiganjani kimekushinda. Inavuta jua! Kwani utaianika paani na mihogo? Na vijana kupiga soga: wacha wapige, kijana anayepiga soga mama yake anajua yuko hai. Mwezi uliopita uliniandikia kama mtu wa kazi, sasa unaniandikia kama mtu anayekwepa deni la kilabuni. Nilimpa Chris aisome, akasema, "Mama, Baba Mdogo iko na kitu anaficha." Nikamwambia, anaficha uvivu.

Na mfuko wangu unakukwaruza. Hilo limeniuma, nakuambia. Nimeshona uchochoroni kwenye mwanga, macho yakitoka machozi, kila mshono nikitaja jina la atakayeuvaa. Karibu wote wamekwisha pata. Kama wako unakwaruza, weka kitambaa.

Bila sababu ya mtu mzima, mwisho wa mwezi naandika nyeusi.

Anastasie


Bogoro, tarehe 11 Juni 2024

Mama Anastasie,

Hatujaonana. Mimi ni Valérie, binti ya Mzee Zacharie. Nimemwomba Fiacre anisubiri niandike, na pamoja na barua hii nakutumia kibuyu cha maziwa ya kuganda. Ni ya ng'ombe wa mjomba. Sisi wa kwetu hatuna tena.

Sikudhani siku moja ningemwandikia mama aliyetoka Djugu barua ya shukrani. Vita viliwagawa watu wenu na wetu, wewe unajua na mimi najua, basi tusilirudie. Baba yangu yuko hapa mlangoni, mguu kwenye mbao, ananiuliza kama jioni nimefunga ndama. Ninamjibu nimefunga. Ni kikosi chako kilichonipa nafasi ya kumjibu. Asante, mama. Nilitaka useme asante hii mbele ya wote.

Nakupa na pole kwa lile lililompata Papa Michée pale barrière. Natumaini mikono yake inapona. Alikueleza yote, lakini wanaume hufupisha, basi nami niliyekuwapo nieleze.

Nilikuwa na beseni langu la mandazi. Alifika kwa mguu, amevaa jaketi. Wale wa barrière wanamjua kwa sura, wangemwacha. Lakini mmoja alimpapasa kwa nguvu, akasikia kitu kigumu chini ya kwapa. Akachana bitana kwa kisu, ikatoka ile mashini nyeusi na antene yake. Mama, walibadilika uso. Wakasema ni redio ya adui, ni mpelelezi. Papa Michée alijaribu kuwaeleza ni ya kutafuta watu waliopotea. Yule mwenye kisu akamjibu: "Kama njo kitu ya muzuri, juu ya nini unaifichaka? Mutu anaficha kitu ya mubaya!" Walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya nailoni, wakamkalisha kwenye jua. Nikasikia wanaulizana nani atampeleka porini. Sisi wote wa hapa tunajua maana yake.

Mimi si shujaa. Niliacha beseni nikaenda. Nikasema: "Huyu muzee minamujua. Njo yeye alirudisha baba yangu. Mufungue ile sakoshi yake, mutaona ingine ya jaune." Wakafungua, wakaikuta. Hiyo haikuwa imefichwa, ilikuwa juu juu pamoja na pile na mkate. Nikaiwasha mimi mwenyewe kama nilivyomwona akifanya, nikawaonyesha alama ya korongo. Nikawaambia, "Pale njo tulimukuta baba. Muende muangalie, damu iko kwa mawe." Wakaipokezana mkono kwa mkono. Mkubwa wao alibonyeza, akatafuta kijiji chake, akakipata, akacheka. Jua lilipokuwa linateremka wakamkata kamba. Nyeusi walibaki nayo.

Mama, mimi sijasoma sana, lakini ukiniuliza, watoto wako wasibebe kitu kilichofichwa.

Nakushika mikono,
Valérie


Bunia, tarehe 14 Juni 2024

Michée, mdogo wa mume wangu, ndugu yangu,

Valérie ameniandikia. Alidhani nimejua.

Barua yake niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye saruji, na Chris alipotoka kanisani alinikuta hapo hapo na kibuyu cha maziwa mapajani. Nilikuandikia kwamba unaficha uvivu. Nilikuandikia uweke kitambaa kwapani. Nawe ulikuwa umeshika kalamu kwa vidole visivyokunjika, ukitafuta sababu za kipumbavu ili mimi nisijue kwamba ni mfuko wangu uliokufungisha. Umenidanganya vibaya, semeki. Hujui kusema uongo, na nakushukuru hata kwa hilo.

Nimekasirika pia, usidhani nimelainika. Kama ungenyamaza na mimi ningeng'ang'ana, mwezi wa nane Chris angepita pale pale na kitu kile kile chini ya kwapa. Siku nyingine unihurumie kidogo, uniambie kweli nyingi.

Nilikaa nikafikiri. Maisha yetu yote tumejifunza kuficha. Kuku chini ya kitanda, simu ndani ya soksi, jina la kijiji nyuma ya ulimi. Kuficha ndiko kulikotufikisha Bunia tukiwa hai. Sikuwaza hata kidogo kwamba mtu anayetafuta watu hawezi kutembea kama mtu anayekimbia. Anayetafuta lazima aonekane. Hilo amenifundisha muuza mandazi, na nimemwambia hivyo kwenye barua yangu, pamoja na sukari na kitenge kizuri kuliko vyote sandukuni mwangu.

Basi nimefumua, mifuko yote. Kikosi kilikuja kunisaidia, Maman Élise na wembe wake. Vitambaa vile vile nimevigeuza kuwa mifuko ya kuning'iniza kifuani, nikaishonea dirisha la plastiki mbele ili mashini ionekane mtu akiwa bado mbali. Nimechagua uzi mwekundu. Ni mibaya, utaona. Chris anasema anafanana na mtoto wa ekodimu ya Jumapili siku ya kwanza.

Ubelgiji nimewaandikia kwa simu: tunataka za manjano. Waliuliza kwa nini tunaacha iliyo bora zaidi. Nimewajibu kwamba kwetu bora ni ile ambayo mtu yeyote barabarani anaweza kuishika, kuibonyeza na kuirudisha. Nimewaambia pia nyeusi iko wapi, wamesema si kitu, wameuliza habari za mikono yako.

Na mimi nauliza. Unaweza kukunja ngumi? Unaweza kula mwenyewe? Nijibu kweli. Asante kwa uhai wako, Michée. Asante hata kwa uongo wa kwapani.

Semeki yako,
Anastasie


Bogoro, tarehe 22 Agosti 2024

Mama Chris, semeki wangu,

Kweli yote, kama ulivyoagiza: kidole gumba cha kushoto bado kimekufa ganzi, vingine vinafanya kazi. Ninakula mwenyewe, na sana.

Chris alifika mzima na mfuko wake mwekundu kifuani. Ni mbaya kweli. Wewe ulisema, mimi nimekubali.

Jana tuliteremka barabara ya ziwa, yeye, mimi na Débora. Sitakuficha, nilipunguza mwendo tulipoiona barrière. Chris hakusubiri kuitwa. Alikwenda mbele, akawasalimu, akaivua mashini shingoni na kuwapa kabla hawajauliza. Wakaipokezana. Wakatafuta vijiji vyao. Valérie alikuwa pale na beseni lake, akanipungia kijiko.

Halafu mmoja akanijia kando. Ni yule mwenye kisu. Nilimtambua kwa kovu la mdomo, na mikono yangu ilimtambua kabla ya macho. Alikuwa ameshika kitu ndani ya kitambaa. Nyeusi. Akanirudishia, akisema haikuwahi kuwaka. Nikaipokea nikashukuru, nikataka kuondoka. Akanishika kiwiko, polepole safari hii.

Akasema: "Papa, ile ya jaune… inawezaka kutafuta mutu mwenye alipotea zamani kidogo? Kadogo, ndugu yangu. Alishukaka kule kwa mawe na mbuzi. Hakurudiaka. Mama anamuwekeaka chakula kila siku. Ile siku minakufunga, minajua iko ya kutafuta batu. Minaona haya ya kuomba."

Ni Chris aliyemjibu. Alimuuliza kama tunavyouliza familia zote: siku ile alivaa nini? Mwenye kisu akasema, shati la shule na kandambili za bluu, halafu akageuza uso kwa ukuta. Nilitazama mgongo wake, nikamkumbuka kaka yangu, na jinsi wewe ulivyolitaja shati lake la mistari kwa kila aliyepita. Nilidhani nitamchukia mtu yule hadi nife. Haikuwezekana.

Tunatoka asubuhi hii. Hatujui kama tutamkuta, na tukimkuta tutamkuta namna gani, nimemwambia hivyo. Anajua njia kuliko sisi, kwa hiyo ametangulia. Bunduki ameiacha kwa wenzake. Nimeona si vema anayetangulia asiwe na alama kifuani, na Chris akaivua ya kwake akamvalisha, mfuko mwekundu na yote. Nakuandikia nikiwa nimeketi jiweni, Débora anafunga kamba za viatu, na ule uzi wako nauona kule mbele unapanda kilima.

Chris sasa hana mfuko. Shona mwingine.

Michée